Mifupa ya Mtani

1

Bibi Naetwe alipofika kwenye mkeka alivua viatu, akavipanga ukutani, akavua soksi, akazikunja na kuzitia ndani ya viatu, kisha akaniuliza mimi, mjukuu wake na mpimaji wa zahanati, kama nimeandika jina lake vizuri.

"Nimeandika, Bibi."

"Soma."

"Naetwe Senzota Mgonja, mwanamke, miaka sabini na minne, kitongoji cha Juu."

"Ongeza kwamba nimekuja kwa hiari yangu. Wasije wakasema nililetwa."

Kwenye kioo cha mashine hapakuwa na nafasi ya maneno hayo, kwa hiyo nikayaandika kwenye kiganja changu ili aone ninaandika. Nyuma yake walipanga foleni wanawake kumi na wawili, wote wamevaa vitenge vya kanisani. Kijijini kwetu Kisuvi, huku milimani Upare, siku ya kupima mifupa ilikuwa kama sikukuu. Mkeka wenyewe tuliuita Msikilizaji. Unasimama juu yake peku, nyundo ndogo iliyo chini inakugonga kisigino mara tatu, na mkeka unasikiliza jinsi mlio huo unavyopanda mguuni hadi kwenye uti wa mgongo. Mfupa uliojaa hutoa sauti fupi na kali. Mfupa ulioliwa kwa ndani hutoa sauti nzito, tena iliyochelewa. Sauti hizo zilikwenda mkoani kupitia angani, na baada ya siku tatu zilirudi zikiwa miaka: umri wa mifupa yako, ambao haukuwa lazima ulingane na wako.

Watu walipenda miaka hiyo kupita kiasi. Mama Elieshi, mwenye sabini, aliambiwa mifupa yake ina hamsini na tisa, akaitia kadi kwenye fremu na kuitundika sebuleni juu ya picha ya harusi yake.

Dawa ndiyo hawakuipenda. Kwenye friji yangu nilikuwa na sindano arobaini za mifupa, moja kwa mtu kwa mwaka, na kwa miaka miwili nilikuwa nimechoma watu wanne tu, mmoja wao akiwa katibu wa akina mama aliyekubali ili apigwe picha. Sindano ile ilileta homa ya siku moja. "Nimekuja mzima," waliniambia, "kwa nini nirudi nyumbani mgonjwa?" Wanaume, wao, hawakuja hata kupimwa.

Mwanamume pekee aliyekuwa zahanati siku ile alikuwa juu ya paa, akipigilia bati lililokuwa linavuja. Huyo alikuwa Mzee Ndekirwa, Mchaga aliyekuja Kisuvi akiwa na miaka thelathini kuezeka shule, akaoa, akafiwa na mke, akabaki. Sasa alikuwa na sabini na saba. Sisi Wapare na Wachaga ni watani, na yeye na Bibi waliuchukulia utani kama kazi ya kudumu. Kitu anachokunyang'anya mtani wako huku akicheka hukikasirikii. Unasubiri siku yako, nawe unachukua chake. Mwaka mmoja alimwibia Bibi chungu cha makande kikiwa bado mekoni kinachemka. Bibi akasubiri miezi mitatu, akamwondolea ngazi akiwa juu ya paa la kanisa, akamwacha huko mpaka alasiri.

Bibi alipoinua mguu kupanda mkekani, Mzee Ndekirwa alikuwa ameshateremka. Alimpita ubavuni, peku kama kawaida yake akiwa kazini, akaruka na kusimama katikati ya Msikilizaji.

"Mpare! Nimekunyang'anya zamu! Nenda ukanishtaki!"

"Shuka, Mchaga! Mkeka huo haukutengenezewa watu waliolelewa kwa mtori!"

Nyundo haikujua utani. Ikagonga: ngo, ngo, ngo. Wanawake walicheka mpaka Mama Elieshi akakaa chini. Kioo kikaniuliza kama nathibitisha, nami, machozi ya kicheko yakiwa yamenijaa machoni, nikabonyeza ndiyo. Mzee Ndekirwa akashuka kwa kuinama kama msanii jukwaani, Bibi akapanda, nyundo ikagonga tena, nikabonyeza tena.

Nilidhani kipimo cha pili kinafuta cha kwanza. Hakikufuta. Msikilizaji uliokota cha kwanza na kukishika.

2

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili. Bibi alikuwa akipanda kwenda kanisani, mimi nikiwa nyuma yake na Biblia zote mbili, tukafika kwenye nguzo ya kona. Nguzo hizi ziliwekwa pamoja na Sheria ya Mteremko, inayowazuia wazee wenye mifupa dhaifu kupanda penye mwinuko mkali. Husoma mkanda ulio mkononi mwa kila mzee, na kwa kawaida huwa kimya.

"Ndugu Naetwe Senzota, habari za asubuhi," nguzo ikasema. "Mifupa yako ina miaka tisini na moja. Mteremko ulio mbele yako ni nyuzi ishirini na mbili. Tafadhali subiri machela."

Bibi akasimama. "Nani kasema?"

"Nguzo ya Mteremko namba kumi na nne."

"Una shahidi?"

"Tafadhali subiri machela," nguzo ikarudia. Haikutengenezwa kwa maswali ya namna hiyo.

Machela ikaja ikitembea kwa miguu yake minne ya chuma, kitanda cha turubai mgongoni. Bibi alikataa kulala juu yake, nayo haikumlazimisha. Ilimfuata tu. Ilimfuata kanisani, ikasimama mlangoni mahubiri yote. Ilimfuata shambani. Ilimfuata chooni, ikawa inamwuliza kwa upole, kila baada ya nusu dakika, "Uko salama?"

"Ningekuwa salama kama ungeondoka!" Bibi alijibu kutoka ndani.

Kufikia Jumanne alikuwa ameshaizoea kiasi cha kuipakia mikungu miwili ya ndizi.

"Mzigo huu si mgonjwa," machela ikasema.

"Utakuwa mgonjwa ukiudondosha. Twende."

Kilichonikosesha raha ni barua iliyokuja pamoja nayo. Mtu ambaye mifupa yake imepita miaka tisini hakuruhusiwa kuishi mteremkoni. Bibi alipewa siku thelathini ahamie Nyumba za Tambarare, kule chini karibu na barabara kuu, ambako hakuna ngazi wala kizingiti, na sakafu zote ni laini kama godoro. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho juu kabisa ya kitongoji. Alikuja pale akiwa bibi harusi. Kaburi la Babu liko nyuma ya jiko, na kila asubuhi humwagia maji maua yaliyopo huku akimsimulia Babu mambo ya jana.

Alisoma barua mara mbili, akaikunja.

"Naenda barazani," akasema.

Nchi nzima hututania kwamba Mpare atauza ng'ombe wawili aendeshe kesi ya kuku. Kabla ya saa nane mchana kesi ilikuwa imefunguliwa: Naetwe Senzota dhidi ya Nguzo namba kumi na nne. Nilipofika nyumbani alikuwa anaandika orodha ya mashahidi na alikuwa amefika wa kumi na tisa.

Nikarudi zahanati, nikafunga mlango, nikafungua kumbukumbu za Msikilizaji. Chini ya jina la Bibi palikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa nzito, ndefu, iliyochelewa: miaka tisini na moja. Ya pili ilikuwa fupi kama kijiko kikigonga glasi: miaka sitini na tatu. Nilikaa pale mpaka chai yangu ikapoa, nikijua mambo mawili. Bibi yangu alikuwa mzima kuliko wengi wa rika lake. Na mtu ambaye wakati ule ule nilikuwa namsikia akipigilia misumari upande wa shule, juu ya paa, alikuwa na mgongo ambao ungeweza kuvunjika kwa kupiga chafya.

3

"Shikamoo, Babu!" nilimwita kutoka chini ya ghala la shule.

"Marahaba, mke wangu. Umekuja kunishikia ngazi au kuiiba kama bibi yako?"

"Shuka tuongee."

"Ongea. Bati halina masikio."

"Nikiongea kwa sauti ya kufika huko, darasa la nne zima litasikia."

Akashuka polepole, mkono mmoja kiunoni. Nikamweleza. Alicheka mpaka nilipotaja miaka, akaacha.

"Tisini na moja? Mimi nina sabini na saba."

"Wewe ndiyo. Mifupa yako ina tisini na moja."

"Imekimbilia wapi mbele yangu?" Akatikisa kichwa. "Huo ni ugonjwa wa wanawake, mjukuu wangu. Mashine yako imechanganyikiwa."

"Mfupa haujui kama umevaa suruali, Babu."

"Usinitajie suruali. Hii nimeshonewa mwaka juzi, ikanikaa sawa. Sasa naikunja mara mbili. Mafundi cherehani wa siku hizi wanatumia vitambaa vinavyovutika."

Nilitazama chini, kwenye zile kunjo mbili. "Babu, suruali haijaongezeka."

Naye alizitazama. Kisha akajinyoosha akajipima na nguzo ya ghala, mahali ambapo miaka mingi iliyopita alikuwa amechonga alama ya urefu wake mwenyewe ili apate kipimo cha mbao bila kutafuta futi. Alama ilipita kichwa chake kwa vidole vinne.

"Ile machela itanifuata mimi?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na kazi ya paa?"

"Sheria inakataa zaidi ya nyuzi kumi na tano. Ngazi yako ni sabini."

Akakaa juu ya rundo la mbao. "Sikuomba kupimwa, Nakijwa. Nilikuwa nacheza. Usiniseme."

Alikuwa na haki. Kanuni ya kwanza waliyotufundisha ni kwamba kipimo ni mali ya aliyepimwa. "Nikinyamaza, Bibi anahamishwa," nikamwambia.

"Bibi yako hajawahi kushindwa kesi."

"Ameshindwa tisa."

"Hajawahi kukubali kwamba ameshindwa. Ni kitu kilekile." Lakini hakucheka alipolisema. Nikamwambia kuhusu sindano, kwamba ingeujenga mfupa tena taratibu. Akasema hawezi kukaa kwenye benchi la akina mama akisubiri kuchomwa, na kwamba akionekana pale, watu wa kwao wakija Desemba hawatazungumza habari nyingine.

4

Bibi alikuwa amekaa uani anachambua maharage, machela imelala karibu naye kama mbuzi aliyeshiba. Nilikaa, nikaanza kuchambua nami. Nilikuwa natupa mazima na kuweka mabovu.

"Mke mwenzangu," akaniambia, "tangu jana unakula nusu sahani. Sema."

"Siwezi kusema, Bibi."

"Basi nitasema mimi. Mifupa ile ni ya Mchaga."

Nikamtazama.

"Nimeuza vyungu sokoni miaka arobaini," akasema. "Kila chungu nilikigonga kwa kidole kabla mtu hajakishika. Siku ile kisigino chake kilipogongwa, nilisikia. Chungu chenye ufa sihitaji mtu wa mkoa aje anitajie."

"Unajua tangu siku ile?"

"Nilipanda mkekani nikicheka, lakini nilisikia."

"Sasa kwa nini huliambii baraza? Kesi ingekwisha dakika moja!"

Bibi aliacha kuchambua. Nadhani nilimkasirisha. "Mtani hashtakiwi," akasema. "Alichukua huku anacheka. Nikienda kukidai mbele ya wazee, basi miaka yote hii hatukuwa watani, tulikuwa majirani tu wanaoibiana. Na utakuwa umemvua nguo mtu mzima hadharani."

"Utahamishwa."

"Kesi ikiwa barazani, nani wa kunihamisha? Nimesoma sheria yao. Hawawezi kugusa hata kikombe changu mpaka hukumu itoke. Mwaka ujao nitapanda mkekani mimi mwenyewe, mashine itasema nimepona. Ninachohitaji ni kesi ya mwaka mmoja." Akanionyesha orodha ya mashahidi. Walikuwa wamefika thelathini na mmoja. "Hapa pana miezi kumi na minne, na sijaanza kuugua."

Nilicheka ingawa sikutaka.

"Kuna lingine," akaendelea. "Sindano imetolewa kwa jina langu. Mchome yeye."

"Bibi, hiyo ni kughushi."

"Ni dawa kumfikia mgonjwa. Hapo kughushi kuko wapi?"

Nikamweleza kuko wapi. Kwenye jedwali la mkoa kulikuwa na safu mbili za watu wenye mifupa myepesi, wanawake na wanaume. Upande wa wanawake ulikuwa na namba nyingi. Upande wa wanaume, kwa Kisuvi na kata zote jirani, ulikuwa na sifuri. Sindano ziligawiwa kwa kufuata safu hizo. Nikimwandika Mzee Ndekirwa kama mwanamke, sifuri ile inabaki, na mkoa utaendelea kuamini wanaume wa milimani wana mifupa ya chuma.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaonyesha kwa kidevu mlango wa nyumba. "Babu yako alianguka pale. Kwenye kizingiti, si mlimani. Wakasema uzee. Nyonga ilikuwa imevunjika siku tatu ndipo walipojua. Hakuna aliyewahi kumpima." Akaokota punje mbovu, akaitupa. "Kwa hiyo usinifundishe habari za sifuri, mjukuu wangu. Nimelala nayo kitanda kimoja. Kwanza tumwokoe aliye hai, hesabu mtasahihisha."

Hata leo, nikiwa peke yangu, huwa natafuta jibu ambalo ningempa.

5

Bibi mwenyewe alimleta Mzee Ndekirwa siku ya Alhamisi, kliniki ya akina mama. Njia nzima nilisikia sauti yake ikitangulia.

"Umeninyang'anya zamu, nikanyamaza. Ukaninyang'anya ugonjwa, nikanyamaza. Sasa chukua na sindano. Huwezi kula nyama ukaniachia mfupa."

"Punguza sauti, Mpare."

"Sina haja ya kupunguza. Wote wanajua unanisindikiza."

Chumbani nilifunga pazia. Kishika sindano chetu hakifunguki mpaka mgonjwa ajitaje. Kikawaka. "Sema jina lako kamili."

Mzee Ndekirwa alimtazama Bibi, akanitazama mimi, akafumba macho. "Naetwe Senzota Mgonja," akasema kwa sauti nyembamba iliyomtoka puani.

"Sauti yako imebadilika, Naetwe. Una mafua?"

"Makali."

"Pole. Je, una ujauzito?"

Bibi aliziba mdomo kwa kanga na kutoka nje. Mzee Ndekirwa alijibu hapana kwa heshima zote alizokuwa nazo. Kishika sindano kikafunguka. Nilimchoma, nikaandika kwenye rejesta: mwanamke, sabini na minne. Niliandika kwa mwandiko mdogo kuliko wangu wa kawaida, kana kwamba uongo mdogo unahitaji nafasi ndogo.

Homa ilimshika kesho yake. Bibi alikwenda kumpikia uji, machela ikimfuata nyuma na kuni.

"Hiyo ni homa yangu," alimwambia akimfunika blanketi. "Iuguze vizuri, usiniharibie."

6

Baraza lilikaa wiki ya tatu. Mwenyekiti, Mzee Mfinanga, alikuwa amesikiliza kesi zote tisa za Bibi na alikuja na mto wa kukalia. Kutoka mkoani alikuja afisa kijana, Bwana Lukelo, ambaye alidhani atarudi na gari la saa sita.

Bibi alianza na sauti ya nguzo, kwamba haina adabu kwa sababu humwambia mzee habari za asubuhi badala ya shikamoo. Akaenda kwenye nyuzi: alikuwa amepima mteremko kwa kamba na jiwe, akapata kumi na tisa, siyo ishirini na mbili. Akadai nguzo iletwe ihojiwe. Bwana Lukelo akaeleza kwamba nguzo imechimbiwa ardhini. Bibi akasema basi baraza liifuate, na wazee wawili wakaanza kutafuta fimbo zao.

Nilimsikiliza nikiona anavyozunguka. Aligusa kila kitu isipokuwa mkeka. Wanawake kumi na wawili waliokuwapo siku ile walikaa benchi la nyuma, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. Mzee Ndekirwa alisimama karibu na dirisha, kofia mkononi.

Bwana Lukelo akatazama saa. "Mheshimiwa Mwenyekiti, tusipoteze muda. Mpimaji yupo. Ale kiapo, aseme neno moja." Akanigeukia. "Dada, kipimo hiki cha miaka tisini na moja ni cha mama huyu?"

Nilishika Biblia. Bibi alinitazama, na katika maisha yangu sijawahi kutazamwa hivyo, alikuwa ananiomba. Ningesema ndiyo, angebaki na kesi yake na mtani wake. Lakini niliona kizingiti cha nyumba yetu. Niliona Babu amekaa kitandani siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, na sisi tunamletea chai na kumwambia ni uzee.

"Hapana," nikasema.

"Napinga!" Bibi akasimama.

"Unapinga nini, Mama Naetwe?" Mwenyekiti akashangaa. "Anakutetea!"

"Napinga kutetewa!"

"Ni cha nani basi?" akauliza Bwana Lukelo.

"Siwezi kumtaja. Mwenyewe hakuomba kupimwa. Kosa la kukiandika ni langu, na la kuchoma sindano ni langu."

Wanawake kumi na wawili waliinua macho kwa pamoja, wakaitazama dari kana kwamba inavuja. Nikasikia kofia ikiwekwa dirishani.

"Ni changu," akasema Mzee Ndekirwa. Alipandisha suruali yake, akasogea katikati. "Mifupa ni yangu. Niliingia mkekani kwa utani. Na sindano niliyochomwa, ilikuwa ya huyu mama. Nilijitaja kwa jina lake. Wanaume wenzangu mlio hapa, chekeni sasa, nimesimama."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja pembeni aliinama akatazama kunjo za suruali yake mwenyewe.

Bibi akamnyooshea kidole kwa hasira.

"Mchaga! Umenichukulia zamu, umenichukulia ugonjwa, umenichukulia sindano na homa yake! Hata kesi? Nilikuwa na mashahidi thelathini na mmoja! Umenifanya nishinde kwa neno moja kama mtu asiyejua kuongea!"

Hapo ndipo walipocheka, na Mzee Ndekirwa akacheka mpaka akashika kiuno, na machela, iliyokuwa imepokea taarifa mpya, ikainuka miguuni kwa Bibi, ikavuka ukumbi na kwenda kusimama nyuma ya Mzee Ndekirwa.

"Uko salama?" ikamwuliza.

7

Nilisimamishwa kazi mwezi mmoja, na nilistahili. Niliporudi nilifungua jedwali la mkoa nikaona kwenye safu ya wanaume wa Kisuvi imeandikwa moja. Wiki ile wanaume saba walikuja zahanati, kila mmoja akidai kamsindikiza mkewe. Wawili kati yao walikuwa wamefiwa na wake zao. Niliwapima wote. Wanne walihitaji sindano, na watatu wakachomwa palepale, wakiniomba niwaandikie kwamba ni malaria. Sikukubali, nikaandika mifupa.

Mzee Ndekirwa alipata barua ya siku thelathini. Kabla hajamaliza kuisoma Bibi alikuwa ameshaichukua mkononi mwake na kuipeleka barazani.

"Wewe nyamaza," alimwambia. "Umeonyesha unavyoongea barazani, karibu utushindishe tena. Mimi ndiye nitakayekusemea."

Kesi ya Ndekirwa dhidi ya Idara iliyoandika barua ile ilidumu miaka minne. Ilisikilizwa mara ishirini na sita. Nguzo namba kumi na nne ilitembelewa na kuhojiwa mara tatu. Miaka yote hiyo alichomwa sindano yake kwa jina lake, akaacha kupanda mapaa, akawa anakaa chini kwenye kiti akiwakosoa waliopanda. Hakuvunjika hata kidole. Alifariki akiwa na themanini na mmoja, kwa homa ya mapafu, kitandani kwake, mteremkoni, siku moja kabla ya kesi.

Tulimzika asubuhi iliyofuata. Kwa desturi yetu mtani ana nafasi yake kaburini, na watu walimpisha Bibi. Alisogea mpaka ukingoni, akatazama chini.

"Mwoneni," akasema. "Anajua leo saa nne tunaitwa barazani. Mwoneni alivyojilaza."

Watu walicheka, wengine wakalia, wengi wakafanya yote mawili. Bibi hakulia. Alitupa udongo wake, akakung'uta mikono, akaniambia nimshike mkono. Nilidhani tunakwenda nyumbani. Tulikwenda barazani.

Mzee Mfinanga alikuwa ametoka makaburini muda huohuo, viatu vyake bado vina udongo. "Mama Naetwe," alisema taratibu, "unayemsemea amefariki."

"Najua. Nimetoka kumzika."

"Sasa unaomba nini?"

"Kesi iahirishwe."

"Mpaka lini?"

Bibi alifikiri. Nilihisi vidole vyake vikinibana mkono.

"Mpaka nitakapokuwa tayari," akasema.

Mwenyekiti akavuta kitabu, akafungua ukurasa, akaandika: imeahirishwa.